Nyumba Isiyo na Mgongo

Kazi yangu ni kuchaji telefone za watu. Nina kibanda cha mbao pembeni ya soko la Masisi-centre, plake ya jua juu ya paa, na kompyuta nzee iliyobeba filme za dunia nzima. Mtu analeta karte yake ndogo ya telefone, anasema anataka ya vita, ao ya Kihindi, ao ya Nigeria, na mimi ninamwekea. Ndiyo maana nasema bila haya kwamba miji yote nimeitembea, na viatu vyangu bado vizima.

Tena imenichosha, nisiwadanganye. Miji ya sinema ina kiburi. Kwanza lazima wakuonyeshe kutoka juu kabisa, jinsi mwewe anavyoona vifaranga. Halafu taa, vioo, magari, watu wanakimbia. Halafu mtu anaingia kwake, nyumba inang'aa, chakula kiko mezani, lakini nani amepika? Moshi uko wapi? Nani amefagia? Na filme za Nigeria ndizo mbaya zaidi: kila sebule ina ngazi, na ugomvi wote wa ukoo unafanyikia kwenye ngazi hiyo. Miaka mingi niliamini kwamba kule mtu hawezi kugombana na mukwe wake akiwa amesimama chini.

Mukwe. Hapo sasa nimegusa jambo lenyewe.

Wakati huo mama yangu alikuwa anaishi kwangu. Alikuwa ametoka kwenye kambi ya wakimbizi ya Lushebere, akakuta nyumba yake ya zamani haipo tena, imebaki parsele tu, kiwanja kitupu pale barabara inapopinda, na mawe machache ya msingi yaliyofunikwa na majani. Mjane atakwenda wapi? Nilimchukua. Nani angemwacha mama yake inje? Lakini kwetu, mama mzazi wa mke na mukwe wake wanaheshimiana mpaka heshima inakuwa kazi ya kutwa. Hawali pamoja, hawapishani mlangoni, hawatazamani usoni. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole, na kila jioni alikuwa anakohoa kuanzia kwenye mti wa parachichi ili mama asikie. Mama akisikia, anatupa mwiko, anajifunika kitenge kichwani, anakimbilia migombani. Sufuria ngapi za sombe zimeungua kwa ajili ya kikohozi hicho!

Siku moja mvua ilinyesha ghafula. Mama alidhani mukwe yuko jikoni, kwa hiyo akasimama nyuma ya nyumba. Mume wangu alidhani mama mukwe yuko jikoni, kwa hiyo akasimama mbele. Nilipofika kutoka sokoni niliwakuta wote wawili wameloa chapachapa, kila mmoja upande wake, na jiko limebaki kavu bila mtu. Niliwafokea wote. Mume wangu alisema ni heshima. Mama akasema ni heshima. Nikawaambia heshima hiyo itatuletea homa ya mapafu.

Lakini ndani ya moyo haikuwa mchezo. Mama hakulalamika hata mara moja, ila kila siku ya Mungu, Jumapili, baada ya misa, alikuwa anateremka kwenye parsele yake, anainama, anang'oa majani yaliyoota juu ya mawe ya msingi. Nilimwuliza kwa nini anajichokesha. Akasema: «Nataka kulala mu nyumba yangu, hapana mu nyumba ya mukwe. Kama nikikufa kwako, nitamufanyisha mukwe haya mpaka ku kilio.» Sisi hatukuwa na mbao, hatukuwa na manjanja, mabati ya kuezekea, na mshahara wa mwalimu kila mtu anaujua.

Basi ndipo akafika bwana wa filme.

Alikuwa kijana wa Goma, lakini mama yake mzazi ni wa Ngungu, hukuhuku milimani kwetu, kwa hiyo alijua kusalimia vizuri na kuomba maji bila madaha. Alikuja kibandani kwangu kuchaji betri zake, akaona ninazijua filme, akaniomba nimsaidie kutafuta mahali pa kupigia picha za filme yake. Hadithi yake ilikuwa hii: mwanamke anarudi kutoka mbali, anafika kwenye mtaa wake wa zamani mjini, siku ileile wanapobomoa nyumba ya mwisho ya mbao ili kujenga etaji, ghorofa juu ya ghorofa. Aliitaka Goma ya utoto wake, mitaa ya mbao yenye baraza mbele. Lakini mtaa wao sasa ni bloki na mageti ya chuma, alisema, mbao hakuna tena. Kwa hiyo akapanda kwetu kutafuta mji.

«Mji? Huku?» nilimwuliza. «Kaka, hapa ukigeuka hivi ni kilima, ukigeuka vile ni ng'ombe.»

Akacheka, akatoa kwenye mfuko wake kipande cha karto, karatasi ngumu ya boksi, alichokikata dirisha katikati. Akafumba jicho moja, akakiweka mbele ya uso, akaanza kutembea kwa upande kama kaa. Kisha akanipa nitazame. Eeh! Mungu wangu, niliona mji. Kilima kilikuwa kimekatwa, ng'ombe wamekatwa, migomba imekatwa. Zimebaki nyumba za mbao zimebanana, baraza moja, nyaya za telefone, na pikipiki moja, moto tunavyoiita, imeegeshwa. Nikasogea nusu hatua, kilima kikarudi. Nikarudi nyuma, mji ukarudi. Hapo ndipo nilipoelewa filme zote nilizowahi kuwauzia watu. Mji wa sinema ni kile kinachobaki baada ya kukata. Nilifurahi kwa kujua, halafu nikakasirika: kumbe katika miji ile yote walikuwa wananificha jiko, na mwenye kufagia, na labda hata kilima!

Nilimpeleka kwa mama. Alikuwa kwenye parsele yake, anang'oa majani. Kijana akamweleza kila kitu, akampa karto atazame. Mama akaigeuza, akamtazama yeye mwenyewe kupitia lile dirisha, kuanzia juu mpaka chini. «Nikikukata hapa,» akasema, «hauna miguu. Hapa, hauna kichwa. Iyi kazi yako iko ya buchinjaji.»

Kijana akacheka mpaka akakaa chini. Lakini mahali pale alipapenda kupita pote, kwa sababu barabara inapopinda, nyuma yake kuna bonde, na ukitazama kutoka chini huoni kitu isipokuwa mawingu. Hapo alitaka kusimamisha nyumba ya kona ya mtaa wake. Nyumba yenyewe, akasema, ingekuwa sura tu: mbao za mbele, mlango, dirisha, baraza, na miti ya kuishikilia kwa nyuma. Siku ya mwisho wataivuta kwa kamba, ianguke mbele ya kamera, na hiyo ndiyo itakuwa mwisho wa filme. Ikishaanguka, mbao zote na mlango na dirisha ni za mama.

Mama alifikiri. «Na mugongo yake?»

«Kamera haione mugongo, Mama.»

«Kamera haione. Baridi je?»

Hata hivyo alikubali. Mbao ni mbao, tena hizo zilikuwa mbao ngumu za misitu ya Walikale, ambazo mjane hawezi hata kuziota. Alihesabu kwamba zikishaanguka atazipanga kidogo kidogo, hata kama itachukua miaka. Wakapeana mikono mbele yangu.

Mafundi walisimamisha ile sura, wakaipaka rangi ya buluu, wakaandika juu ya mlango SALON kwa herufi kubwa, maana bwana wa filme alisema mji bila saluni si mji. Wasichana walianza kuja kuuliza wanasuka saa ngapi. Ukiitazama kutoka barabarani, nyumba nzuri. Ukizunguka nyuma, hakuna kitu: miti imeegemezwa, majani, na bonde. Halafu kundi la filme likateremka Goma kumleta mama mchezaji, yule wa kuigiza mwanamke anayerudi, na kamera kubwa. Mvua ikanyesha, barabara ikakatika, wakabaki huko.

Sasa niwaambie namna kwetu tunavyoishi, maana bila hilo hamtaelewa. Mjane akisimamisha nguzo, haiti watu. Kuitwa ni aibu, aibu ya wale walioitwa, siyo ya aliyeita. Ina maana walipita njiani, waliona kwa macho yao, wakaendelea na safari. Basi majirani walipita, wakaona nyumba ya mjane ina uso mzuri namna ile, na mgongo hauna. Walifikiri nini? Walifikiri mbao zimemwishia. Walifikiri maskini ametumia kila kitu kwa rangi na mlango, na sasa anaona haya kusema. Kila siku mvua ilivyozidi, ndivyo aibu yao ilivyozidi.

Asubuhi moja mteja akaniambia: «Dada, kwa mama yako iko bantu mingi.» Nikaacha telefone za watu kwenye nyaya, nikakimbia. Nilikuta nusu ya kanisa! Wanaume wanachimba mashimo ya nguzo. Vijana wanashuka na miti ya mikaratusi begani. Akina mama wanakanyaga udongo, kitenge kimefungwa juu ya magoti, wanaimba. Kiongozi alikuwa mama jirani wa kwaya, mwenye sauti inayosikika mpaka ng'ambo ya bonde.

«Acheni!» nilipiga kelele. «Hii ni ya sinema!»

«Sinema iko wapi?» akaniuliza, bila kusimamisha mguu.

«Iko Goma. Inakuja.»

«Basi ikuye, itakuta tumemaliza.»

«Mama, hamuelewi. Ni sura tu. Wataiangusha!»

«Wataangusha nyumba ya mujane? Siye tuko hapa? Aa wapi! Weye unaangaliaka filme mingi sana.» Na wote wakanicheka.

Nikamgeukia mama yangu ili aseme ukweli. Alikuwa ameshaweka sufuria tatu motoni, amekunja mikono ya blauzi, anamenya viazi. «Mama, waambie!» Akaninong'oneza: «Niwaambie nini? Bantu bamekuya kunijengea, njo niwafukuze?» Alikuwa anajaribu kukaza uso, lakini kinywa kilikuwa kinamsaliti. Tangu Lushebere sikuwa nimeuona uso ule. Nilijua wazi kwamba nitalaumiwa, maana mimi ndiye nilimleta bwana wa filme, na jina langu ndilo litachafuka. Lakini nifanye nini? Nilivua viatu nikaingia kwenye udongo.

Kabla ya juma kwisha nyumba ilikuwa na kuta za fito na udongo pande zote, na paa juu. Kila nyumba ya jirani ilileta janja lake, hili lina kutu, lile jipya, jingine lilikuwa mlango wa choo cha mtu, na penye upungufu wakakaza turubai. Mama alikuja jikoni kwangu kuchukua makaa ya moto, kama tunavyofanya, kwa sababu moto wa kwanza wa nyumba hutoka kwenye jiko la ndugu. Aliyabeba kwenye kigae akateremka nayo barabarani mchana kweupe, na mume wangu akasimama mbali, kofia mkononi, akitazama upande mwingine kwa heshima zake zote. Nyumbani kwangu jioni ile kulikuwa kimya. Nilimkumbuka mama, jamani, ingawa tulikuwa tunagombana kila siku.

Barabara ikafunguka. Bwana wa filme akarudi na watu wake, akashuka kwenye gari, akasimama. Moshi ulikuwa unatoka chini ya manjanja.

«Dada,» akaniambia, «nini hii?»

«Nyumba.»

«Niliacha sura.»

«Imeota mgongo,» nikamjibu, kwa sababu nikiogopa huwa nasema upuuzi.

Hakucheka. Akazunguka nyuma, akarudi, akashika kichwa. Alisema basi wataivuta sura peke yake, halafu wataipigilia tena. Fundi akamwonyesha: boriti za paa sasa zimelala juu ya mbao zile za mbele, ukivuta sura, yote inakuja. Kwa hiyo ilibidi kuchagua, ama mwisho wa filme yake, ama nyumba ya mama yangu. Na mama mchezaji alikuwa ameshafika, ameketi garini, na kamba zilikuwa tayari. Kijana aliongea kwa sauti ya chini, bila ukali, na hiyo ndiyo iliniumiza: «Mama, tulikubaliana.»

Ilikuwa kweli. Mama hakukataa. «Njo vile, mutoto wangu. Tulikubaliana. Ingia kwanza ukule.»

Nani wa Kivu atakataa bugali ya mama mwenye umri ule, na kibaridi kile? Akaingia, nami nikaingia nyuma yake. Mama akamwekea kiti karibu na moto, akampa bugali, maharagi, na kipande cha fromaji, jibini ya ng'ombe wetu. Mvua ikaanza kupiga juu ya manjanja. Kijana alikula polepole, akitazama kuta zenye udongo bado mbichi, halafu akatazama ile sura yake mwenyewe kwa upande wa ndani. Nadhani hakuwa ameiwazia kutoka huku. Mwanga ulikuwa unaingia kwenye nyufa za mbao. Akaomba mchuzi tena.

«Umeshiba?» mama akamwuliza.

«Nimeshiba, Mama. Aksanti sana.»

«Umekula wapi? Fasi gani?»

Akacheka, halafu kicheko kikakatika. Mama akaendelea taratibu, akikusanya masahani: «Kule kwa mama yako, ku Ngungu, nyumba yenye umekula ndani, ukisha kushiba, banakuyaka kuivunja?»

Kijana akainama. Nilimkasirikia mama kwa ujanja ule, na wakati huohuo nilitaka kumbeba mgongoni nimzungushe soko zima. Mvua ilipopungua, kijana alitoka inje, akachukua karto yake, akaanza kutembea kwa upande. Akatazama nyumba. Akaipa nyumba mgongo, akatazama upande wa pili. Kisha akaniita: «Dada, niletee mama muchezaji asimame hapa. Nyumba itaanguka nyuma yangu.»

Sikuelewa mpaka nilipoona. Kamera iliwekwa barazani kwa mama, ikimtazama yule mwanamke usoni, ili anguko la nyumba lisikike tu, lisionekane. Mbao zilizobaki za mafundi zilipandishwa juu ya gari, manjanja mabovu yakakusanywa, na majirani walewale waliojenga wakapewa kazi ya kubomoa bila kubomoa. Jamani, furaha iliyokuwepo! Walitupa mbao, walipiga manjanja kwa mawe, mama wa kwaya akalia yowe ambalo hakuna aliyemwomba. Walitaka kurusha unga uwe vumbi. Mama akakataa katakata, unga unaliwa, akaleta jivu. Jivu likaingia machoni mwa mama mchezaji, akalia machozi ya kweli, na bwana wa filme akasema kwa sauti kubwa kwamba hajapata kuona machozi mazuri namna ile. Na muda huo wote nyumba ilikuwa imesimama nyuma ya kamera, maharagi yanachemka ndani.

Miezi ilipita, siku moja filme ikafika kwenye telefone yangu. Niliitazama kibandani pamoja na mume wangu. Kona yetu imekuwa mji mkubwa: sura ya buluu, SALON, watu wanapita, na wameongeza honi na kelele za pikipiki, mpaka mimi mwenyewe nikatafuta zinatoka wapi. Kisha ukasikika mshindo, vumbi likapita, na uso wa yule mwanamke ukavunjika. Mume wangu, mwalimu mzima, aliyejua kila kitu, aliruka kwenye kiti: «Mama mukwe!» Nilicheka mpaka mbavu zikauma, halafu nikainyakua telefone nikateremka mbio.

Sikupunguza mwendo hata barazani. «Mama, filme imefika!» Nikasukuma mlango, mguu mmoja tayari ndani.

Alikuwa ameketi anachambua maharagi. Hakuitazama telefone.

«Rudi inje,» akasema.

«Mama, ni filme yako, nyumba yako iko...»

«Rudi inje, upige hodi. Hapa ni kwa bantu.»

Hasira ikanipanda. Mimi, binti yake, niliyemweka kwangu, niliyekanyaga udongo wa kuta zile! Lakini nikarudi inje, nikavuta mlango. Nikasimama pale barazani na telefone yangu mkononi, mama wa kwaya akinitazama kutoka kwake huku anacheka. Nikasema hodi. Nikasema tena, safari hii kwa sauti ya chini, ya adabu. Ndani nikamsikia anasogeza ungo, anajifunga kitenge vizuri, bila haraka hata kidogo. Machozi yakanitoka, na sikuyafuta, kwa sababu yalikuwa ya furaha.

«Nani?» akauliza.

«Ni miye, Mama.»

«Karibu kwangu.»